Kabla hujanunua altaneta nyingine

Ndugu yangu wa Kibaigwa, unasema betri ni mpya, taa yake haizimi kwenye dashibodi, na asubuhi gari haliwaki. Kabla ya kulaumu altaneta, ile inayochaji betri, anza na mita ya volti. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6, ukiwasha, ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, kagua mkanda unaozungusha altaneta kama umelegea, halafu fyuzi kubwa na waya wa bodi. Vimekaa sawa? Shuku kaboni za altaneta, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka. Kwa vumbi letu hili la Dodoma huisha upesi, na fundi umeme hubadilisha hizo tu. Ila asichomoe betri injini ikiunguruma eti anapima! Mchezo huo waweza kuunguza regyuleta inayodhibiti chaji, hata kontroboksi, yaani kompyuta ya gari.