Narekodi somo, na nyaraka za wateja zinaingia kwenye video

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Nachapa barua za maombi ya kazi, naprinti, natoa kopi. Pia nasoma uhasibu mtandaoni kwa Google Meet, saa nane mpaka saa kumi mchana, na ndio muda ambao wateja wanajaa. Kwa hiyo narekodi skrini ili nisikilize usiku. Shida ni kwamba nikifungua kazi ya mteja nayo inarekodiwa: wasifu wake, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kila kitu, pamoja na milio ya WhatsApp. Kompyuta nayo inakuwa nzito. Video hizo nimeshawatumia wanafunzi wenzangu. Natumia kompyuta ya mezani, Core i3, RAM 4 GB, Windows 10. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada yangu, pole na kazi, na hongera kwa kusoma huku unahudumia watu. Nyaraka za wateja ndizo zilizonishtua zaidi, kwa hiyo naanza nazo.

Acha kabisa kurekodi skrini nzima. Rekodi dirisha la somo peke yake. Pakua OBS Studio, programu ya kurekodi skrini, kutoka tovuti yake rasmi. Ni ya bure, haibandiki nembo juu ya video yako wala haikukatishi katikati. Kwenye sehemu ya Sources bofya alama ya kujumlisha, chagua Window Capture, halafu chagua dirisha la Chrome lenye somo. Palipoandikwa Capture Method weka Windows 10, maana njia ile ya zamani mara nyingi hukuletea dirisha la Chrome likiwa jeusi tupu. Usichague Display Capture. Hiyo ndiyo inayobeba skrini yote.

Kabla ya kuanza, kamata kichupo cha somo kwa kipanya ukivute nje mpaka kiwe na dirisha lake. Ukikiacha pamoja na vichupo vingine, siku utakayofungua barua pepe ya mteja ili umprintie, nayo itarekodiwa.

Sasa unaweza kufungua Word juu ya somo na kuchapa kazi ya mteja, video isiione. Ila usilishushe dirisha la somo chini kwenye upau wa kazi, picha itaganda. Na usilifunike lote: Chrome ikiona dirisha lake limefunikwa kabisa huacha kulichora ili kupunguza mzigo, ukaja kukuta sauti inaendelea na ubao umesimama pale pale. Punguza upana wa Word kidogo, ukingo wa dirisha la somo uonekane pembeni. Upana wa kidole unatosha.

Upande wa sauti, ongeza Application Audio Capture na uchague Chrome, kisha zima Desktop Audio, yaani sauti yote ya kompyuta. Milio ya WhatsApp ya kwenye kompyuta haitaingia, ilimradi usiifungue ndani ya Chrome hiyo hiyo. Zima na Mic/Aux. Hii wengi huisahau, na kipaza sauti chako kinabeba mazungumzo yote ya kaunta: mteja anakutajia namba ya simu, mwingine anakueleza kwa nini ameachishwa kazi.

Uzito wa kompyuta unapungua ukigusa mambo machache kwenye Settings. Video iwe 1280 kwa 720, fremu 10 kwa sekunde, kwani slaidi za uhasibu hazikimbii. Kama kwenye Encoder, yaani kinachobana video, unaona QuickSync au QSV, ichague, kazi ihamie kwenye kifaa cha picha cha Intel na kichakataji kipumue. Bitrate, yaani kiasi cha data kwa sekunde, ikiwa 1000 Kbps inakupa takribani MB 450 za picha kwa saa, yaani somo lako zima pamoja na sauti ni kama GB 1.

Faili la video liwe la aina ya MKV. Kompyuta ya mezani umeme ukikatika, MP4 ya kawaida mara nyingi haifunguki tena, lakini MKV inabaki na yote yaliyorekodiwa mpaka dakika ile. Baadaye ingia File, kisha Remux Recordings, uigeuze kuwa MP4 ya kutazama kwenye simu.

Wapo watakaokwambia Game Bar iliyomo ndani ya Windows inatosha. Nayo hurekodi dirisha moja, lakini kwa kawaida hukoma ikitimiza saa mbili za kurekodi usipobadilisha mpangilio, na somo lako ni la saa mbili kamili. Mimi nisingeitegemea.

Mwalimu wako umemuomba ruhusa? Google Meet yenyewe ikirekodi huwaarifu waliomo. OBS haimwambii mtu. Mwandikie, na umtajie kwamba wenzako nao watapata.

Kuhusu video za zamani, fanya leo. Namba ya NIDA ni taarifa ya mwenyewe, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mteja alikupa aprintiwe, hakukupa isambae. Wapigie wenzako mmoja mmoja wazifute kwenye simu, na pale mlipotumiana WhatsApp pia. Zako zifute na usafishe Recycle Bin. Kama kuna somo unalolihitaji sana, kata vipande vyenye nyaraka kwanza, ndipo ufute faili la mwanzo.