Hita ya Lita Ngapi? Majibu kwa Wasomaji wa Malindi na Lamu

Tuko watu watano na vyumba viwili vya kuogea. Muuza duka ameniambia nichukue hita ya lita 100. Shemeji yangu aliyeko Nairobi asema chini ya 80 nisithubutu. Mfukoni nina pesa za ile ya 50. Nifanyeje?
Mama wa Muyeye, Malindi

Chukua ya 50, mama. Shemeji yako hakukosea, ila anapiga hesabu kwa maji ya kwao. Maji ya bomba Nairobi huwa nyuzi 17 au 18 hivi. Yanayotoka kwenye tangi lililo juu ya paa lako huja na nyuzi 28, na mchana wa kaskazi hupita hapo. Maji ya kuoga yanayompendeza mtu ni nyuzi 39. Wewe una nyuzi 11 za kuongeza, yeye ana zaidi ya 20.

Tuseme hita imetegwa nyuzi 60, na kila mtu anatumia lita 40 chini ya bomba la mvua. Kwako, katika hizo 40, ni lita 14 tu zitakazotoka kwenye hita. Zilizobaki ni maji ya baridi ya kuchanganyia. Nairobi zingekuwa 20 na ushei. Anayeoga kwa ndoo ya lita 20 hula lita 7 za moto, basi. Katika hita ya lita 50 usihesabu zote 50, kwa kuwa maji baridi yanayoingia kwa chini huchanganyika na ya moto, hesabu 40. Hayo yatosha karibu watu watatu kabla koili, ile fimbo ya umeme inayopasha maji, haijafanya kazi yoyote. Koili ya kilowati 1.5 nayo hurudisha lita 14 za mtu mmoja kwa dakika 20 hivi. Mkiingia mmoja baada ya mwingine, dakika kumi kila mtu, wote watano mtaoga. Mkifungua vyumba vyote viwili kwa pamoja asubuhi ya shule, wa nne atangoja kama robo saa. Wakati wa kipupwe maji ya tangini hushuka nyuzi moja mbili, na hesabu haibadiliki sana.

Hiyo ya lita 100 kuijaza joto kutoka nyuzi 28 hadi 60 kwa koili hiyohiyo ni saa mbili na nusu na uniti 3.7 za umeme; ya 50 ni saa moja na robo na uniti 1.9. Na ukiiwasha saa moja tu kabla ya kuoga, kama wengi wafanyavyo kuokoa tokeni, ya 100 haikupi maji ya kuoga zaidi ya ile ya 50. Joto lililoingia ni lilelile, limetandazwa tu katika maji mengi. Kinachozidi ni bei na uzito.

Hesabu hii huvunjika mahali pamoja: beseni kubwa la kulala ndani. Hilo hunywa lita 150 kwa mara moja, yaani zaidi ya lita 50 za moto. Ukiwa nalo, 80 ni halali yako.

Jambo jingine la kumuuliza fundi ni ukuta. Hita ya lita 50 iliyojaa maji hukaribia kilo 70, na ya 100 hupita 120. Katika ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, bolti za kupanuka huvunja jiwe kidogo kidogo hadi zinachomoka. Zipitishwe upande wa pili na kufungwa kwa bamba la chuma.

Nimeshusha kidude cha joto hadi 45 ili kupunguza matumizi ya tokeni. Sasa maji yanakwisha mtu wa pili akiwa na povu. Hita imeharibika?
Msomaji, Barani

Haijaharibika, umeipunguza mwenyewe. Kwa nyuzi 45 kila muogaji anahitaji lita 26 za hita badala ya 14, kwa hiyo ile hita ya 50 yamtosha mtu mmoja na nusu. Isitoshe, maji yanayokaa muda mrefu chini ya nyuzi 50 huweza kuotesha bakteria wa mapafu. Rudisha 60, kisha okoa tokeni kwa kuizima baada ya wote kuoga. Ila kuna watoto nyumbani: maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu, basi yafunguliwe ya baridi kwanza, au fundi bomba aweke vali ya kuchanganya.

Assalamu aleikum. Tunatumia maji ya kisima, yana chumvi kidogo. Instanti ya bafuni, ile inayopasha maji yakipita, inatutetemesha mkono tukigusa bomba. Je, nikinunua yenye kilowati nyingi zaidi itapona?
Langoni, Lamu

Waaleikum salaam. Kwanza zimeni kwenye swichi kuu na msiitumie tena. Kilowati hazihusiki hapa. Instanti za bei nafuu zina koili iliyo wazi ndani ya maji, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno. Ulizeni ile ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa ndani ya mrija wa chuma. Hata hiyo haitoshi bila waya wa ardhi unaofika ardhini kweli, pamoja na swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja miliampia 30.

Kuhusu ukubwa, Lamu hamhitaji mashine kali. Kilowati 5.5 hutoa lita 7 kwa dakika za nyuzi 39 kwa maji yenu. Nairobi hutoa nusu yake. Kwa hiyo kituo cha kati cha swichi yake huwatosha. Lakini kikiwashwa cha juu kabisa huvuta ampia 23, basi waya uwe wa milimita mraba 6, utoke moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme, na usiunganishwe na soketi yoyote. Waya mwembamba hupata moto ndani ya ukuta, na hapo mtu hulaumu instanti.

Hita ya pili hii imetoboka tangi. Tunatumia maji ya kuchimba. Nihamie ya chuma kisichoshika kutu?
Msomaji, Malindi

Si lazima. Chumvi huchimba vitundu hata katika chuma hicho, hasa kwenye maungio ya kuchomelea. Kinacholinda tangi la chuma lililopakwa kioo ndani ni anodi, fimbo ya magnesiamu inayoliwa badala ya tangi. Ikiisha, zamu ni ya tangi. Kwa maji yako ikague baada ya miezi sita ya kwanza, usingoje mwaka.

Zima umeme, funga maji ya kuingia, mwaga yote, kisha fungua bolti za kifuniko cha chini. Mara nyingi fimbo na koili hutoka pamoja. Ikiwa fimbo imekonda kupita nusu au waya wa ndani unaonekana, weka mpya. Magamba meupe ya koili yaloweke kwa siki. Badilisha na mpira wa kifuniko, kwa sababu wa zamani haukai tena sawa. Ukishafunga, fungua bomba la moto hadi maji yatoke bila hewa, ndipo uwashe. Koili ikiwashwa tangini hamna maji huungua papo hapo.

Vali iliyo chini ya hita hudondosha maji kila ninapoiwasha. Fundi ataka kuiziba.
Msomaji, Mkomani

Asiizibe hata kidogo. Maji yakipata moto huvimba. Lita 50 zikitoka nyuzi 28 hadi 60 huongezeka zaidi ya nusu lita, na vali hiyo ndiyo mlango wake. Ikizibwa, presha itatafuta njia kwenye tangi lenyewe. Mwambie aunge mpira mwembamba hadi kwenye bomba la maji machafu, mdomo wake ukiwa wazi. Ikidondosha hata hita ikiwa imezimwa na imepoa, hapo ndipo vali yenyewe ibadilishwe.