Maswali ya Wasomaji: Kuanza Udijei kwa Mfuko Mdogo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, ninamsaidia kaka mmoja kupiga muziki kwenye sherehe za mtaani, na sasa nataka vyombo vyangu mwenyewe. Nina kompyuta mpakato ya zamani na akiba ya shilingi 700,000. Muuzaji mmoja amenishauri ninunue miksa kubwa yenye taa nyingi. Mwingine ameniambia kwamba bila deki mbili za santuri sitaijua kazi. Nimsikilize nani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimsikilize yeyote kati yao kabla hujaifungua kompyuta uliyo nayo. Programu ya Mixxx hutolewa bure kabisa, hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na ndani yake mna deki, yaani sehemu za kuchezea nyimbo, miksa, kipimo cha mapigo kwa dakika na sehemu ya kurekodi, kwa hiyo mazoezi yako ya mwanzo hayahitaji kugusa akiba hata kidogo. RAM ya GB 4 inatosha kwa kuanzia, mradi ufunge programu nyingine zote unapofanya kazi. VirtualDJ nayo ina toleo la bure la matumizi ya nyumbani, ila ukiunganisha kontrola, yaani kifaa chenye magurudumu na vitelezi cha kuiendeshea programu, toleo hilo huikatisha baada ya muda mfupi, jambo ambalo wengi hulifahamu wakiwa wameshalipa dukani.

Miksa ile yenye taa ni chombo cha fundi mitambo: hupokea vipaza sauti na ala za bendi, lakini haina deki wala haikusaidii kulinganisha nyimbo mbili. Kuhusu santuri, Technics SL-1200, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972, ndiyo iliyoijengea kazi hii heshima, nami siwezi kuibeza. Hata hivyo, gharama ya deki mbili, sindano, miksa na sahani zenyewe itaimeza akiba yako na kudai nyingine, na nyimbo utakazoombwa Tanga leo nyingi hazipatikani kwenye santuri.

Unachohitaji ni kontrola, na swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni kama ina kadi ya sauti ndani yake. Dijei hutoa sauti mbili kwa wakati mmoja: moja huenda kwenye spika kwa ajili ya watu, na nyingine huenda kwenye hedifoni ili yeye peke yake ausikie wimbo unaofuata. Kontrola isiyo na kadi hiyo, kama DDJ-200 ya Pioneer DJ, ambayo haina hata tundu la hedifoni, hukulazimisha kutumia waya wa kugawa sauti au kununua kadi ya pembeni. DDJ-FLX4 inayo kadi yake, na inakubali programu za rekordbox na Serato DJ Lite bila malipo ya ziada, ila ilipotoka mwaka 2022 huko Marekani iliuzwa kwa takriban dola 300, na ukijumlisha usafiri na ushuru itaipita akiba yako. Ningekuwa wewe ningetafuta Hercules DJControl Inpulse 200, yenye taa za kumwongoza mwanafunzi anapolinganisha mapigo, au DDJ-400 iliyotumika, ambayo ilitoka mwaka 2018 na bado ni chombo cha maana.

Ukinunua iliyotumika, iwe Kariakoo au kwa mtu binafsi, nenda na kompyuta yako na usikubali kuonyeshwa taa zikiwaka tu. Sogeza kitelezi cha kasi polepole kutoka juu hadi chini huku ukitazama namba kwenye skrini: zikirukaruka au zikigoma katikati, kitelezi kimechoka. Peleka kitelezi cha kuvuka kutoka deki moja hadi nyingine na usikilize kama kuna mikwaruzo. Chomeka hedifoni, tikisa plagi yake kidogo, kisha ufanye hivyohivyo kwa waya wa USB, kwa maana matundu hayo ndiyo hulegea mapema. Kwa fedha zitakazobaki nunua hedifoni za waya zinazofunika sikio lote. Spika kubwa utazikodi siku ya shughuli.

SWALI: Nimejaliwa kupata kontrola, lakini kila ninapolinganisha nyimbo mbili, moja huwa nyuma ya nyingine, hata skrini ikionyesha mapigo 112 kwa dakika pande zote mbili. Ninatumia hedifoni za waya na spika ya Bluetooth. Wenzangu pia wananicheka kwa kutegemea kitufe cha sync, kinacholinganisha nyimbo chenyewe. Kosa liko wapi?
Binti wa Mombasa

JIBU: Kosa la kwanza, binti yangu, liko kwenye spika. Sauti ya Bluetooth hufungwa, hurushwa na kufunguliwa tena kabla ya kutoka, na safari hiyo mara nyingi huchukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa kasi ya mapigo 112, pigo moja hadi jingine ni zaidi kidogo ya nusu sekunde. Kwa hiyo spika inachelewa kwa karibu sehemu ya tano ya pigo, na hedifoni zako za waya hazicheleweshwi hivyo. Tafuta waya wa kutoka kwenye matundu ya RCA ya kontrola hadi tundu la AUX la spika, na sehemu kubwa ya taabu yako itaisha.

Inayobaki ni ya sikio. Namba mbili kulingana maana yake ni kwamba nyimbo zinakimbia kwa kasi moja, wala si kwamba zinakanyaga pamoja. Weka wimbo uleule kwenye deki zote mbili, funika skrini kwa kitambaa, uanzishe wa pili kwenye pigo la kwanza la fungu, kisha usukume au uzuie gurudumu la kontrola hadi ngoma mbili zisikike kama moja. Baada ya hapo chukua nyimbo mbili tofauti na uhesabu mapigo 32, kwa sababu muziki mwingi wa dansi hubadilika kwa mafungu ya namna hiyo, na wimbo unaoingia katikati ya fungu huwakwaza wachezaji hata wasiojua kuhesabu. Wakati wa kubadilishana, punguza besi ya wimbo unaotoka ndipo uinue ya ule unaoingia. Besi mbili zikipigana, taa ya kipimo cha sauti hukimbilia nyekundu na spika huanza kukoroma.

Kitufe cha sync si dhambi. Kinakupunguzia kazi moja ili ushughulikie nyingine, lakini siku programu itakaposoma vibaya mapigo ya wimbo, asiyejifunza kusikia atasimama mbele ya watu hajui ashike wapi.

SWALI: Kwenye harusi ninazopiga, wazee huomba zilipendwa na vijana huomba singeli. Programu huvuruga mapigo ya zilipendwa, na singeli ina kasi mno. Nifanyeje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Singeli ni rahisi kuliko inavyoonekana. Wimbo wa mapigo 220 kwa dakika una mapigo mara mbili ya wimbo wa 110, kwa hiyo ukitoka kwenye amapiano iliyo karibu na kasi hiyo, kila pigo la zamani litaangukia pigo moja kati ya mawili mapya. Tafuta nyimbo chache za 105 hadi 115 uziweke kwenye folda yake, ziwe mlango wa kuingilia.

Zilipendwa ni habari nyingine. Bendi zilirekodi zikipiga pamoja studioni bila kufuata kipima mwendo cha mashine, hivyo mpiga ngoma huongeza kasi kidogo kibwagizo kinapochangamka na kurudi nyuma magitaa yanapopewa nafasi. Programu kwa kawaida huchora mistari ya mapigo kwa kudhani mwendo haubadiliki, na sync ikiufuata mchoro huo hukupoteza. Izime. Usijaribu kuzipandanisha nyimbo mbili kwa dakika nzima. Ngoja sauti ya mwimbaji imalizike, ingiza wimbo unaofuata kwa mapigo 8 tu huku gurudumu likiwa mkononi, kisha uufunge wa kwanza. Wimbo wenye utangulizi wa gitaa pekee usipandanishwe na kitu kabisa: acha ule wa kwanza uishe, uanzishe wa pili, kwa kuwa wazee hao wanautambua kwa noti zake za mwanzo na huinuka vitini kabla ngoma haijaingia.