Shabu Imeongezwa, Maji Bado Machafu

SWALI: Mhariri, nasimamia mtambo wa majitaka wa kiwanda kidogo cha maziwa hapa Nakuru. Asubuhi maji yalikuwa yakitoka safi, lakini kuanzia saa nane mchana yanachafuka. Nilifungua hadi mwisho pampu ya dozi, inayotia shabu (chumvi ya alumini ya kugandisha uchafu). Mchana haikusaidia, na sasa hata ya asubuhi yameharibika. Je, tunauziwa shabu mbovu?
Msimamizi, Nakuru

JIBU: Kabla ya kumlaumu muuzaji, uliza mitambo ya maziwa huoshwa saa ngapi na kwa kemikali gani. Kwa kawaida hupitishwa kostiki soda, kisha tindikali. Kostiki ikikufikia, pH (kipimo cha tindikali: chini ya 7 ni tindikali, juu yake ni kinyume chake) inaweza kupita 10, ilhali shabu hugandisha uchafu vizuri pH ikiwa kati ya 6 na 7.5 hivi. Zaidi ya hapo alumini iliyomo kwenye shabu huyeyuka ikaondoka na maji. Hiyo ndiyo shida ya mchana. Ya asubuhi umejitakia: dozi ikipita kiasi, chembe za uchafu hugeuza chaji yake ya umeme na kuanza kusukumana upya.

Pima pH kila nusu saa kwa siku nzima. Kama inaruka, unahitaji tangi la kusawazisha lenye kikorogeo, kostiki na tindikali zipunguzane nguvu humo kabla hujatumia hata shilingi ya kemikali. pH ikibaki juu, irekebishe kwa tindikali kabla ya kutia shabu. Kipima pH kikae mahali maji yameshachanganyika. Kikiwa pale pale tindikali inapoingia, pampu ya tindikali itawaka na kuzima ovyo. Mafuta ya maziwa hukigandia, kwa hiyo kisafishe kila wiki kwa sabuni na brashi laini, kisha uhakikishe kinasoma sawa kwa bafa (vimiminika vya pH inayojulikana) za 7 na 10.

Sasa dozi. Yeyusha gramu 10 za shabu upate lita 1. Kila mililita 1 ya mchanganyiko huo ndani ya lita ya majitaka ni mg 10 za shabu. Panga bika (vikombe vya maabara) sita za majitaka, uanze na mg 50 hadi 300. Koroga kwa kasi dakika 1, polepole dakika 15, acha yatulie dakika 30. Chagua dozi ndogo kabisa inayotoa maji safi. Rudia kwa maji ya saa nane.

Tuseme umepata mg 150 kwa lita na mtambo unapokea mita za ujazo 8 kwa saa: hiyo ni gramu 1,200 kwa saa. Kwa mchanganyiko wa pampu wenye gramu 100 za shabu kwa lita, pampu itoe lita 12 kwa saa, yaani mililita 200 kwa dakika. Usiiamini namba ya kwenye kitufe. Fyonza kutoka silinda ya kupimia kwa dakika moja uone. Ikipungua, angalia kichujio cha bomba la kufyonzea (shabu isiyoyeyuka hukiziba), takataka kwenye valvu, au hewa inayoingia penye maungio.

Mtiririko ukibadilika sana, unganisha pampu na mita ya mtiririko kwa ishara ya umeme ya mA (miliampia) 4 hadi 20. Lakini mita hiyo haijui pH, kwa hiyo fanya hivyo mwisho.