Muulize Mzee wa Studio: Yule dereva wa teksi mwenye sauti ya kukwaruza

SWALI: Mzee, shikamoo. Juzi usiku tulikuwa tunaangalia sinema ya kuchekesha ya Marekani ya mwaka 1963, It's a Mad, Mad, Mad, Mad World. Akatokea dereva wa teksi, Mmarekani mweusi, sauti yake inakwaruza kama sufuria linalosuguliwa kwa mchanga. Baba mkwe wangu akaruka: "Rochester huyo! Mtu wa redio huyo!" Kisha akalala, hakueleza zaidi. Ndiye nani, na ile sauti alikuwa akiigiza au alizaliwa nayo?
Mama Zai, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Mpe baba mkwe salamu zangu, hajakosea. Jina lake ni Eddie Anderson, mzaliwa wa Oakland, California, 1905. Rochester ni jina la mhusika wake wa redioni. Lilimganda kiasi kwamba hata kwenye sinema walimwandika Eddie "Rochester" Anderson, maana bila hilo la katikati watu wengi wasingemjua.

Sauti hakuigiza, wala hakuzaliwa nayo. Aliipata barabarani. Kwao walikuwa watu wa maonyesho: baba mtu wa jukwaani, mama akitembea juu ya waya kwenye sarakasi. Eddie alipokuwa mtoto aliuza magazeti mitaani, na vijana wa kazi ile waliamini kwamba anayepiga kelele kuwashinda wenzake ndiye anayemaliza mzigo wake mapema. Alipayuka mpaka koo likaharibika, na halikurudi tena.

Kwa mtoto wa nyumba ya wasanii, hapo wengine wangemshauri akajifunze useremala. Yeye akaingia kwenye kucheza na kuchekesha, pamoja na nduguye Cornelius, katika kundi lililoitwa Three Black Aces. Kwenye sinema alianza 1932 na vipande vidogo vya kupita tu, hadi 1936 alipopewa nafasi ya Nuhu katika The Green Pastures.

Redio ilimpata Jumapili ya Pasaka, 28 Machi 1937. Jack Benny alikuwa mchekeshaji mkubwa wa Marekani, ambaye hewani alijifanya bahili wa kutupwa. Katika mchezo wa siku hiyo, Benny na wenzake wako kwenye treni wanarudi California, akahitajika mtu wa kuigiza mhudumu wa behewa. Benny anamuuliza habari za kufika Albuquerque, na mhudumu anajibu kana kwamba jina la mji huo ndiyo kwanza analisikia. Ilikuwa kazi ya siku moja. Wasikilizaji wakampenda, akaitwa tena, na kabla mwaka haujaisha alikuwa mtumishi wa kudumu wa Benny nyumbani, jina Rochester.

Hapa niruhusu niseme kama fundi mitambo, maana miaka yangu yote nimekaa nyuma ya kile kioo cha studio. Msikilizaji hakuoni. Mlango ukilia ana nafasi finyu sana ya kujua nani kaingia, ndiyo maana waandishi wa michezo ya redio hulazimika kuweka maneno kama "Aa, Juma, umekuja na mwavuli!" ambayo hakuna mtu huyasema nyumbani kwake. Vijana walipokuja kujaribiwa, mimi nilikuwa nikiwageuzia mgongo. Wengi walisoma vizuri, tena kwa hisia, lakini wakiongea watatu kwa pamoja sikujua nani ni nani. Anderson hakuwa na shida hiyo. Simu inalia, Benny anaipokea, upande wa pili inakuja ile mikwaruzo: "Halo, Bwana Benny, ni Rochester hapa." Ukumbi unapiga makofi kabla utani haujaanza. Mwandishi ameokoa sentensi nzima, na mwigizaji ameshachukua uwanja.

SWALI: Mzee, nimesikia unamsifia sana huyo Rochester mbele ya watu. Lakini si alikuwa boi tu? Boi redioni, dereva kwenye sinema, boi tena kwenye runinga. Tunamsifia nini?
Kijana wa Likoni

JIBU: Umeuliza haki yako, mwanangu. Mmarekani mweusi wa enzi hizo akienda kuomba kazi Hollywood, nafasi zilizomsubiri ndizo hizo ulizozitaja. Hata katika Gone with the Wind ya 1939 Anderson yumo, na ni mtumishi mzee, Uncle Peter. Na redioni, miaka ya mwanzo, waliandika utani wa pombe, kamari na wembe kwa sababu tu mhusika ni mweusi. Huo siutetei. Baada ya vita Benny aliuondoa. Mwaka 1950 waandishi wake walichomoa mchezo wa 1941, wenye utani wa aina hiyo, na kuurudia, wasikilizaji wakalalamika kwelikweli.

Ila sikiliza vipindi vyenyewe, halafu jiulize nani anachekwa. Rochester ndiye anayejua kwamba nywele za bosi ni za bandia, kwamba gari lake la Maxwell ni la kusukuma, na kwamba mshahara ni wa kubembeleza. Anamwita "bosi", na ndani ya pumzi hiyohiyo anamvua nguo. Kazi hiyo inahitaji kujua pa kukaa kimya: Anderson angeacha bosi ajigambe, asubiri kidogo, halafu amjibu kwa maneno machache yanayobomoa yote. Hilo huwezi kulifundisha kwa makaratasi.

Waliolitambua zaidi ni wabaguzi. Mwaka 1945 mkuu wa bodi ya udhibiti wa sinema mjini Memphis, Lloyd Binford, alipiga marufuku Brewster's Millions kwa sababu aliona mhusika wa Anderson ana mazoea mno na wazungu. Na nafasi yake ilikuwa ya mtumishi! Inasimuliwa pia kwamba hoteli moja ilipomtaka Anderson ahame kwa ajili ya wageni waliochukia rangi yake, Benny alihama na kundi zima.

SWALI: Je, alikufa maskini kama wasanii wetu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: La. Alikuwa miongoni mwa wasanii weusi waliolipwa vizuri kuliko wote Marekani wakati wake, na alidumu na Benny redioni na kwenye runinga hadi miaka ya 1960. Alifariki 1977. Wakati wa Vita vya Pili alitia fedha zake kwenye kiwanda cha kushona parachuti huko San Diego, Pacific Parachute Company, kilichoajiri watu wa rangi mbalimbali. Alifuga na farasi wa mbio. Mmoja, Burnt Cork, aliingia Kentucky Derby ya 1943, mbio kubwa kuliko zote kwao. Aliyeshinda ni Count Fleet. Burnt Cork alikuja wa kumi, na farasi walikuwa kumi.