Maonyesho matano kwa siku moja Edinburgh: hesabu miguu kwanza

Tamasha la Fringe, la sanaa za jukwaani jijini Edinburgh, Scotland, lilianza mwaka 1947, pale makundi 8 ya maigizo yalipofika mjini bila kualikwa kwenye Tamasha la Kimataifa la Edinburgh. Siku hizi, kila Agosti, huwa na maonyesho zaidi ya 3,000. Mengi ni ya saa moja tu, na hapo ndipo mhakiki mgeni anapokosea: anaona siku ni ndefu, anajipangia maonyesho manane. Matano yanatosha. Sita ndiyo mwisho. Yakizidi hapo unakodoa macho bila kuona, na waigizaji ambao mara nyingi wamejigharimia ukumbi na malazi hawastahili kuhukumiwa na mtu anayesinzia.

Hesabu yenyewe iko hivi. Onyesho huchelewa kuanza kama dakika 5. Kutoka kwenye chumba cha chini ya ardhi kwa ngazi nyembamba ni dakika 5 nyingine. Kutembea ndani ya eneo lilelile ni dakika 10 hadi 15, na mlangoni uwe umefika dakika 10 kabla, kwa kuwa kumbi nyingi hazimwingizi aliyechelewa, awe na tiketi ya mwanahabari au asiwe nayo. Kwa hiyo acha dakika 35 kati ya onyesho na onyesho. Ukivuka kutoka Mji Mkongwe (Old Town) kwenda Mji Mpya (New Town), acha saa nzima. Saa uziandike kama zilivyo kwenye ratiba: 16:00 ibaki 16:00 kwenye kalenda ya simu, usiigeuze kuwa saa 10, maana ukichoka utaisoma vibaya.

Majina ya mahali ndiyo yanayoponza wengi. George Street iko Mji Mpya, upande wa kaskazini. George Square iko kusini, karibu na chuo kikuu. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa karibu nusu saa, na Assembly, kampuni inayoendesha kumbi za tamasha, ina kumbi kote kuwili. Pleasance Courtyard nayo si Pleasance Dome, ingawa ni kumbi za kampuni moja; Dome iko Bristo Square. Soma anwani yote, usiishie kwenye jina la ukumbi. Halafu kuna madaraja. George IV Bridge na South Bridge hupita juu ya Cowgate, barabara iliyo bondeni. Kwenye ramani barabara hizi zinaonekana kukatana, kumbe moja iko juu kabisa ya nyingine. Simu itakwambia umefika, nawe umesimama darajani huku mlango uko bondeni. Tafuta ngazi mapema. Mchana epuka High Street, barabara kuu ya Mji Mkongwe, kwa sababu wagawa vipeperushi huijaza hadi mtu hapiti.

Tamthilia nzito, yenye maneno mengi, iweke asubuhi. Ukumbi wa maigizo wa Traverse huwa na maonyesho ya mapema, ila saa zake hubadilika siku hadi siku, kwa hiyo angalia tarehe na si saa peke yake. Usiku wachie sarakasi au vichekesho. Mchana kula kidogo: vyumba vingi ni vidogo, vina joto na giza, na tumbo likishiba ndani ya chumba cha namna hiyo usingizi haukwepeki. Beba maji, na koti la mvua lisilochakarisha ukikaa.

Keti safu ya tatu au ya nne, pembeni. Safu ya kwanza kwenye vichekesho itakugeuza sehemu ya onyesho. Usiwashe simu kuandika; katika ukumbi wa watu 30 mwanga wake unaonekana jukwaani. Tumia penseli na daftari dogo, herufi kubwa, wazo moja kwa ukurasa, na kila ukurasa uwe na namba ya onyesho. Bila namba hiyo, ikifika jioni utakuta sentensi nzuri kuhusu mwanga na hujui ni ya onyesho la pili au la nne.

Ukitoka tu, kabla ya kuzungumza na yeyote, jirekodi kwa dakika tatu: picha moja uliyoiona kwa macho yako, jambo moja lililofanya kazi, jambo moja lililovunjika na sababu yake. Usitegemee kupata karatasi ya majina ya waigizaji; mwombe afisa habari wa kundi siku moja kabla, na uhakikishe tahajia.

Maneno 300 yanatosha kwa uhakiki mmoja. Andika mawili usiku huohuo, yaliyobaki asubuhi kabla ya onyesho la kwanza. Nyota, yaani alama unazolipa onyesho, ziweke mwisho, uhakiki ukishakamilika. Ukianza na nyota, sentensi zako zitafanya kazi ya kuzitetea. Na usikae na uhakiki siku tatu. Tamasha ni la wiki tatu hivi, na kundi dogo lililopata nyota nne siku ya tano bado lina muda wa kuzibandika kwenye mabango yake na kujaza viti.