Je, shujaa wa tenzi za Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, lazima awe mtu mwema?

Hapana, na hapo ndipo wengi hukosea. Kwa Homer shujaa ni mtu wa ukoo mkubwa, mara nyingi mwenye damu ya miungu (mama yake Achilles, shujaa mkuu wa Iliad, utenzi wa vita vya mji wa Troy, ni Thetis, mungu wa bahari), hodari vitani na msemaji barazani. Wema si sharti. Kinachomwendesha ni heshima anayopewa akiwa hai, inayoonekana kwa ngawira na nafasi karamuni, na kleos, yaani sifa inayoimbwa baada ya kufa.

Ndiyo maana Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, anapomnyang'anya Achilles mateka wake Briseis, katika kitabu cha 1 cha Iliad, si ugomvi mdogo: amemvunjia heshima mbele ya jeshi zima. Katika kitabu cha 9 Achilles anaeleza njia zake mbili: abaki Troy afe kijana na sifa isiyokufa, au arudi kwao aishi miaka mingi bila jina. Kifo ndicho kinachoupa ushujaa uzito. Miungu hawafi, kwa hiyo hawawezi kuwa mashujaa.

Ukiandika juu ya Achilles, usiandike habari za kisigino chake, kwamba ndipo pekee alipoweza kudhurika. Haimo katika Iliad, wala kifo chake hakisimuliwi humo. Soma badala yake kitabu cha 24, anapolia pamoja na Priam, mfalme wa Troy, na kumrudishia maiti ya mwanawe Hector, aliyeuawa na Achilles.

Odysseus, shujaa wa utenzi mwingine wa Homer, Odyssey, ni wa namna nyingine: silaha yake kuu ni akili na ustahimilivu, na lengo lake ni kufika nyumbani.